Mada Zilipokuwa Zimekaa Barazani

Waliosoma sekondari Kigoma miaka ya themanini wataikumbuka projekti ya historia ya kidato cha tatu: karatasi za fulskapu zilizotobolewa pembeni na kufungwa kwa uzi, jalada la manila lililonuka wino wa kalamu ya maka, na ndani yake mwandiko uliokuwa umenyooka ukurasa wa kwanza na kulegea kadiri kibatari kilivyozidi kufifia. Alama zake zilihesabiwa, kwa hiyo hakuna aliyeifanyia mzaha. Hata hivyo, kazi ngumu haikuwa kuandika. Ilikuwa kupata mada.

Darasa zima lilikimbilia mahali pamoja, chini ya mwembe wa Ujiji. Vitabu vilisema Stanley alimkuta Livingstone pale mwaka 1871, jiwe la kumbukumbu lilikuwepo, na mtoto wa Ujiji hakuhitaji hata nauli ya kwenda kuliona. Mwalimu wetu alikusanya vikaratasi vyenye mada zetu, akavisoma vyote kwa sauti, mwembe baada ya mwembe, kisha akauliza nani kati yetu ana babu au bibi aliye hai. Mikono ilijaa hewani. "Basi mada mnazo," akasema. "Livingstone ana waandishi wake. Babu zenu hawana."

Hakulitoa hilo hewani. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu, Dar es Salaam, ilikuwa imewatuma wanafunzi vijijini kusini kuwahoji wazee waliouona Vita vya Maji Maji kwa macho yao. Mwaka 1973 John Iliffe alihariri kitabu cha maisha ya Watanzania wa kawaida na wasio wa kawaida, na wengi wa walioandika humo walikuwa wanafunzi. Walimu waliopita chuoni miaka hiyo walirudi mikoani wakiamini kwamba kijana mwenye daftari na adabu anaweza kuandika historia ya nchi yake. Kwetu imani hiyo ilifika kwa treni ya reli ya kati.

Basi tukatawanyika. Jioni, wakati harufu ya mawese yanayochemshwa ilipopita uani na karabai za wavuvi wa dagaa zilipoanza kuwaka moja moja ziwani, ungemkuta mwanafunzi kachutama kwenye mkeka mbele ya mzee, redio ya mbao imepunguzwa sauti kwa heshima ya mgeni. "Shikamoo, babu." "Marahaba. Mtoto wa nani wewe?" Hapo ulianza kuitaja nyumba yenu, mtaa wenu, na ndugu wa mama yako walioko Kasulu, mpaka mzee akaridhika kwamba maneno yake yanaingia mikononi mwa mtu anayejulikana. Ndipo alipofungua.

Na walikuwa na mengi ya kufungua. Aliyekuwa mtoto mdogo reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 alieleza jinsi watu walivyokimbia mlio wa filimbi, kisha wakarudi kuutafuta. Mwingine alisimulia habari za meli ya Wajerumani, Graf von Goetzen, iliyotoka Papenburg vipande vipande ndani ya masanduku yapatayo 5,000, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916 baada ya kupaka mitambo yake mafuta mazito, na ikaibuliwa na Waingereza kuanza kazi mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Sisi tuliijua Liemba kwa honi yake na kwa mananasi yaliyoshuka nayo. Kumbe ilikuwa imelala chini ya maji kabla ya kumbeba shangazi kwenda Kasanga.

Mada iliyonigusa kuliko zote ilikuwa ya manamba. Karibu kila ukoo wa Waha ulikuwa na mwanamume aliyeandikishwa na kupandishwa treni kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, hasa baada ya wenye mashamba kuunda SILABU mwaka 1944 ili kutafuta vibarua kwa pamoja. Wazee walieleza kipande, ile kadi iliyohesabu siku za kazi na kukunyima mshahara mpaka zitimie. Wengine walikuwa nayo bado, imekunjwa ndani ya sanduku la bati pamoja na sanda. Kwenye vitabu vyetu Kigoma ilitajwa kwa sentensi moja kama eneo la kutoa nguvukazi. Barazani sentensi hiyo ilikuwa na kikohozi, na miiba ya mkonge kwenye viganja, na mke aliyesubiri miaka.

Siku hizi mada hutafutwa kwenye simu.

Kijana huandika maneno mawili, majibu yakamjia kabla hajameza mate. Steshenari ya mtaani humchapia, humbania kwa spairo, na kazi hupendeza kuliko zetu zote. Picha zipo za rangi. Hakuna uzi. Nikipewa kuzisoma, nakutana tena na Livingstone.

Lakini sitaki kuwasingizia vijana. Wamepata vitu ambavyo sisi hatukuviota. Mwanafunzi wa Kibondo asiye na maktaba anaweza kuiona picha ya Graf von Goetzen ikiundwa, akasoma ripoti za enzi ya Wabelgiji walioishika Kigoma kuanzia 1916 hadi 1921, akajua kwamba Che Guevara alipitia mji huu Aprili 1965 kuvuka kwenda Congo, na kwamba alirudi kwa njia hiyo hiyo Novemba, ameshindwa. Sisi la Che tuliambiwa kwa minong'ono, na mwalimu hakuruhusu minong'ono iandikwe. Tena tangu mwaka 2024 shule zinafundisha somo la Historia ya Tanzania na Maadili kwa Kiswahili. Wazee wetu walisema kwa Kiswahili na Kiha, sisi tukaandika kwa Kiingereza cha kamusi, na njiani ulianguka utamu wote. Kijana wa leo anaweza kuyaandika maneno ya bibi yake kama yalivyotoka mdomoni.

Na liko jambo jingine la kusemwa kwa haki. Projekti zetu hazikutunzwa. Zilisahihishwa, zikarundikwa pembeni mwa ofisi, mchwa wakala sehemu yao, na nyingine zilionekana sokoni zimefungia karanga. Wazee wale tuliwahoji, nao wakafa, na maneno yao yakafa mara ya pili. Tulikuwa na mashahidi bila chombo cha kuwahifadhi. Simu ile ile tunayoilaumu inarekodi sauti saa nzima, tena bure.

Kinachopungua ni watu wa kurekodiwa. Hakuna tena aliyeiona treni ya kwanza. Manamba wa miaka ya arobaini wamezikwa karibu wote. Lakini Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, iliyowahamishia watu vijiji vipya, ina mashahidi: aliyekuwa na miaka 20 wakati ule leo amepita 70, na yupo Kasulu anapura maharage. Mwaka huo huo Warundi walikimbia mauaji kuja kwetu, wakaja tena 1993, na Wakongo wakavuka ziwa 1996 kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa. Mwaka 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walibanana kwenye ufuko wa Kagunga, kipindupindu kikaingia, na Liemba ile ya masanduku ikawabeba kwa mafungu hadi Kigoma. Mabaharia na wauguzi waliowapokea wako hai. Wenye maboti wa Kibirizi wako hai. Baadhi ya wanafunzi wa leo walizaliwa mwaka ule ule. Hiyo ni historia ya kisasa hasa, na bado haijapata wa kuiandika kutoka upande wetu wa ziwa.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Kigoma unayetafuta mada, usianze na simu. Anza na swali la mwalimu wetu: nani yu hai? Chagua jambo ambalo shahidi wake unaweza kumfikia kwa miguu, umpe shikamoo, umweleze wewe ni mtoto wa nani, umwombe ruhusa, kisha ndipo utoe simu mfukoni umrekodi. Intaneti itumie baadaye, kukagua tarehe na kutafuta picha. Nanyi walimu, nakala moja ya kila projekti na sauti yake ibaki shuleni, mahali pasipo na mchwa. Livingstone atangoja. Wa mwaka 1972 hawawezi.