Mifugo yenu imenenepa?

Siku ya kwanza ya mafunzo nilimpa kalamu. Akaipokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko. Mimi nikacheka, nikamuuliza nani kakufundisha adabu za kwetu? Akanishangaa. Akasema: "Mama yangu."

Yeye ni wa Mongolia. Nesi, mtu mzima kidogo, amewahi kukaa Bentiu, Sudan Kusini, ambako wanajeshi wa kwao wanalinda amani tangu 2012. Alikuja Kigali kutufundisha huduma ya kwanza sisi wa kujitolea kutoka kambini. Mafunzo yalikuwa Kiyovu, wiki mbili. Wasioijua Kiyovu: ni mlima wa mabalozi na hoteli, barabara zina miti pande zote mbili, unaweza kutembea nusu saa usisikie mtoto akilia. Mimi niliyezoea Mahama, kimya kile kilinikosesha usingizi.

Basi wakati wa chai wenzangu walikuwa wanashika simu, mimi nakwenda kukaa naye. Mwanzoni ilikuwa udadisi tu. Tulizungumza Kiingereza cha kuokoteza, chake na changu. Nikamwambia nifundishe lugha yenu. Akaniuliza kwa nini. Sikuwa na jibu. Nikasema: kwa sababu sijawahi kumsikia mtu akiiongea.

Cha kwanza alichonipa ni namna ya kumwita. Huko kwao mtu aliyekuzidi umri humwiti jina kavu. Dada mkubwa ni egch, kaka mkubwa ni akh, na aliye mdogo kwako ni düü, awe wa kike au wa kiume, kama sisi tunavyosema "mdogo wangu" na inatosha. Kuanzia siku hiyo yeye akawa Egch na mimi nikawa Düü. Wenzangu walidhani ni majina ya utani.

Salamu ya kawaida ni sain baina uu, yaani uko salama? Kusema ni rahisi, kuandika ndiyo kazi. Wanatumia herufi kama za Warusi tangu miaka ya 1940, wakaongeza mbili zao wenyewe. Lakini wana maandishi ya zamani pia, yanashuka kutoka juu kwenda chini kama mvua kwenye dirisha, na kuanzia 2025 sheria yao inataka hati za serikali ziandikwe kwa yote mawili. Halafu vokali: wana vokali "za kiume" na "za kike", na katika neno moja la asili hazichanganywi. Nilikuwa nazichanganya kila siku. Egch anafunga macho kama mtu aliyeng'atwa na mbu, kisha anarudia polepole.

Siku moja akaniambia kwamba salamu hiyo ni ya mjini. Kwa wafugaji, mkikutana, mnaulizana kwanza habari za wanyama: mal süreg targan tavtai yu? Mifugo yenu imenenepa, ni mizima? Unaweza kuwa na shida kubwa iliyokuleta, lakini unaanza na mifugo. Wana aina tano: farasi, kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia. Na majira yana salamu zake, unaulizwa kama unaupitisha vizuri mchipuo, au baridi.

Hapo nikaacha kuandika. Maana sisi Warundi, na Wanyarwanda vilevile, asubuhi tunasema mwaramutse, yaani umeamka, umeuvuka usiku. Jioni ni mwiriwe, umeushinda mchana. Na wazee wana ile nyingine: amashyo! Uwe na makundi ya ng'ombe! Unajibu amashongore, na ndani ya jibu hilo unamtakia mwenzako makundi ya majike, yanayozaa. Nimeisikia tangu utoto na sijawahi hata siku moja kufikiri ina maana gani. Nilimweleza Egch, akapiga paja lake, akasema rudia, rudia.

Jumamosi tukashuka naye mjini, tukampeleka kwenye duka la maziwa tukanywe ikivuguto. Alishika glasi kwa mikono miwili. Kabla ya kunywa alichovya kidole cha pete, akarusha tone juu. Mwenye duka akatutazama vibaya. Yeye akanywa yote, akasema kwao wanachachusha maziwa ya farasi, yanaitwa airag, lakini haya nayo yana heshima yake.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike.

Neno la nyumba kwa Kimongolia ni ger. Ndilo jina la lile hema lao la duara: kuta za fito zilizosukwa, nguzo za paa zinazokutana kwenye duara la juu kabisa linaloitwa toono, na nje blanketi zito la sufu ya kondoo. Mlango hutazama kusini. Linabomolewa na kufungwa kwa saa chache. Neno la kuoa limetoka humohumo, kupata ger, kama sisi tunavyosema kwubaka urugo, kujenga boma, tukimaanisha ndoa.

Mimi niliingia Mahama mwaka 2015, kambi ilipofunguliwa, nikiwa mtoto wa miaka 12. Tulianza kwenye hema. Baadaye tukapata nyumba ya matofali ya udongo, lakini yale maisha ya shitingi hayajanitoka: joto la mchana, kelele za mvua, mlango unaotazama popote alipoamua aliyepima kiwanja. Shuleni tulikuwa tunatukanwa "watu wa hema". Kwa hiyo nikasikia raha isiyo ya kawaida. Kumbe kuna taifa zima ambalo hema ni fahari! Nikamwambia Egch huku nacheka: basi sisi na nyinyi ni wamoja, watu wa hema.

Hakucheka.

Akasema: "Hapana, Düü. Mama yangu alikuwa anahama akijua anakokwenda. Alijua majani yako wapi, maji yako wapi. Na mwaka uliofuata alirudi palepale. Wewe ulirudi?"

Nilinyamaza. Nilikasirika pia, niseme ukweli. Niliona amenifungia mlango.

Kesho yake akanitafuta mwenyewe. Tukakaa kwenye ukuta mfupi karibu na geti. Akanieleza kuhusu dzud. Ni baridi mbaya, theluji na barafu zinafunika majani hadi mnyama hafikii chakula, na joto linashuka chini ya sifuri nyuzi 40. Mwaka 2009 kuingia 2010 ilikuja dzud iliyoua mamilioni ya mifugo nchini kwao. Kwa mama yake hakubaki hata kondoo. Wakafunga ger, wakaenda nayo mjini Ulaanbaatar, kama wengi walivyofanya. Karibu nusu ya watu wote wa nchi ile sasa wako mji huo mmoja. Wakaisimamisha kwenye kilima pembeni mwa mji, halafu wakaizungushia uzio wa mbao.

"Ger yenye uzio haihami tena," alisema. "Ndiyo sababu jana sikucheka. Mama yangu bado anawauliza majirani kama mifugo yao imenenepa. Hakuna mwenye mifugo kilima kizima. Nao wanamjibu kwamba ni mizima."

Mlinzi wa pale, mzee, alikuwa karibu, nikamtafsiria kidogo. Akanyoosha mkono kuteremka mlima. Akasema kule chini palikuwa na Kiyovu nyingine, ya maskini, watu wakahamishiwa Batsinda kwenye mwaka 2008 hivi. "Wengine mpaka leo ukiwauliza wanatoka wapi, wanakwambia Kiyovu." Hakuongeza neno.

Nimerudi Mahama. Bibi yangu, mzaa mama, ni mtu wa Muramvya. Kila asubuhi anapotoka nje humwambia anayepita: amashyo. Hana ng'ombe tangu kabla sijazaliwa. Mimi miaka yote nilikuwa namjibu "sawa bibi," na simu mkononi. Mdogo wangu aliyezaliwa hapa kambini aliwahi kuniuliza bibi anasema nini, nikamwambia ni maneno ya wazee, achana nayo.

Nilikuwa naona haya, nadhani. Niliona kama bibi anaigiza, mtu wa posho anayetakia watu makundi ya ng'ombe. Sasa naona kwamba ng'ombe wamekwisha lakini yeye hajakubali kuwa mtu aliyezaliwa kwenye orodha ya kambi. Ile salamu ndiyo kitu alichovuka nacho mpaka bila kupekuliwa.

Juzi aliponiambia amashyo nikaweka simu mfukoni, nikashika kiwiko, nikampa mkono: amashongore, bibi. Akanitazama muda mrefu, akauliza kama nina homa. Mdogo wangu akacheka sana. Sasa na yeye anaijua, anawasumbua nayo majirani.

Kimongolia nimebaki na maneno kama 40 na sina wa kuongea naye, Egch amekwenda. Kuna atakayesema ni kupoteza muda, lugha ya nchi ambayo sitaifika. Sawa. Lakini bila yake nisingekuwa nimemjibu bibi.

Nyinyi wenzangu, kwenu wazee wanasalimianaje? Andikeni hapa chini, na muandike maana yake. Kama hujui maana, nenda ukaulize leo, usingoje.

Kuagana wanasema bayartai. Bayar ni furaha, tai ni "pamoja na". Ni kama kwaheri yetu, ukiitazama vizuri: kwa heri.

Bayartai.