Pete ya almasi kwa binti wa Lubunga

Hapa Kisangani almasi tunaiona kila siku ukutani. Pale Makiso, wenye komptwari wamechora jiwe kubwa lenye kung'aa, na chini yake wameandika kwamba wananunua. Lakini lile jiwe ambalo mchimbaji analeta ndani ya karatasi halifanani na picha hiyo: liko kama kipande cha chupa kilichosuguliwa na mchanga wa mto. Linapimwa, linapewa bei, linakwenda Kinshasa, halafu Antwerp, Dubai ama Surat kule India. Ni mbali na sisi ndiko linakatwa. Sisi wa hapa hakuna anayetuuliza tunataka likatwe namna gani.

Kwa hiyo binti wa dada yangu alinishangaza. Yeye na mama yake walikimbia Lubunga mwaka 2023, wakati wa mgogoro wa Wambole na Walengola, wakavuka mto na sufuria mbili. Sasa anaolewa. Kaka ya bwana arusi, anayeishi Ubelgiji, ameahidi pete na ametuma picha kwa WhatsApp: jiwe la mviringo, la mraba, la umbo la yai, la umbo la chozi, na moja refu lenye pembe zilizokatwa. "Mjomba, wewe ni mwandishi wa habari. Unisaidie kuchagua."

Nikauliza watu wa kazi hiyo, nikasoma. La mviringo ndilo linang'aa kupita mengine. Marcel Tolkowsky, wa familia ya wakataji almasi wa Antwerp, alitoa mahesabu yake mwaka 1919: nyuso 57, zimepangwa ili mwanga unaoingia kwa juu urudi juu, usipotelee chini. Lakini ili kulipata, mkataji mara nyingi anapoteza zaidi ya nusu ya jiwe, na hasara hiyo mnunuzi ndiye anailipa. La mraba linaokoa uzito zaidi, maana almasi nyingi zinatoka udongoni zikiwa kama piramidi mbili zilizobandikwa kitako kwa kitako. Ubaya wake ni zile pembe nne, zinaweza kumeguka. (Watu wanasema almasi haivunjiki. Kuikwaruza ni vigumu kweli, lakini ukiigonga vibaya inapasuka.) Lile refu halifichi doa hata moja.

Kisha nikaangalia mikono yake. Anatwanga sombe, anafua nguo za watu ili wapate unga. Pete ambayo jiwe linashikwa juu na kucha za dhahabu itanasa kila kitambaa. Nikamshauri achukue la mviringo, dogo, lililozamishwa chini, na ukingo wa dhahabu ulizunguke.

Mama yake alisikiliza yote, akauliza neno moja tu: "Na siku tukikimbia tena, hiyo inauzwa ngapi?"

Pete yake mwenyewe aliiuza juma la pili baada ya kuvuka. Fundi wa dhahabu aliiweka kwenye mzani, akalipa kwa gramu, wakanunua chakula. Nikamjibu kweli: dhahabu inauzika kwa gramu popote. Almasi ndogo iliyokatwa, hata ikiwa na karatasi zake, mnunuzi atatoa sehemu ndogo ya bei iliyolipwa dukani. Na komptwari za hapa zinatafuta mawe mabichi.

Vijana wa jirani walileta shauri lingine: tununue jiwe bichi hapa kwa bei ya chini, litumwe Ubelgiji likakatwe. Ndugu wasikilizaji, msijaribu. Jiwe bichi halivuki mpaka bila cheti cha Kimberley, utaratibu ulioanza mwaka 2003, na sheria inadai kadi kwa mwenye kufanya biashara hiyo. Tena wapo wanaouza vioo.

Binti yetu amechagua. Nusu ya shauri langu ameikataa: anataka la umbo la yai, maana linafanya kidole kionekane kirefu, na hapo sikuwa na la kujibu. Ukingo wa dhahabu ameukubali. Mama ameomba dhahabu iwe nzito na uzito wake uandikwe kwenye risiti. Risiti ataitunza yeye, ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kadi yake ya uchaguzi.