Gari Lililogoma Kona

Sikumbuki muhadhara wowote wa isimu uliotufunza jinsi ya kulitaja, kwa Kiswahili, gari linaloelekezwa kushoto nalo likashikilia kwenda mbele. Wasomaji wa jarida hili wataniwia radhi nikiwapeleka Kayole, kwani huko ndiko nilikopata jawabu, na aliyenipa hakumaliza kidato cha pili.

Mwaka 2011 nilikuwa darasa la saba. Nyuma ya ploti yetu palikuwa na kibanda cha mabati chenye runinga tatu na mashine kuukuu za PlayStation 2. Vijana wengi walicheza kandanda. Kaka yangu alilipia saa nzima ya Gran Turismo 4, mchezo wa mbio za magari uliotolewa Japani mnamo Desemba 2004, na mara nyingi saa hiyo ilikwisha kabla gari halijaingia barabarani. Alikuwa akilitengeneza. Walimcheka: mtu analipa pesa zake apate kusoma orodha za tarakimu!

Gari lenyewe lilikuwa Honda Civic, ambalo huvutwa na magurudumu ya mbele. Hapo ndipo penye kazi. Katika gari linalosukumwa kutoka nyuma, magurudumu yamegawana majukumu: ya nyuma yanasukuma, ya mbele yanaelekeza. Katika Civic, mawili ya mbele yanavuta, yanaelekeza, na breki zikishikwa ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya uzito. Nalo tairi lina kiasi chake cha kushika lami. Likitumia chote kwa kuvuta, halibakiwi na cha kukatia kona. Dereva anazungusha usukani, gari linaufuata ukuta. Mimi nilidhani dawa ni kuzungusha usukani zaidi. Kumbe huko ni kuzidisha ugonjwa.

“Usiyaongezee ya mbele kazi,” kaka aliniambia (nimeyasanifisha maneno yake kidogo). “Nenda nyuma.”

Akazikaza springi za nyuma kuliko za mbele. Akaikaza na stabilaiza ya nyuma, ya mbele akailegeza. Nyuma inapokuwa ngumu, uzito unaohamia upande wa nje wa kona hubebwa zaidi na huko nyuma, nayo magurudumu mawili ya mbele hugawana mzigo wao kwa usawa zaidi, yakashika. Gurudumu la nyuma la upande wa ndani huweza hata kuinuka hewani, kama mguu wa mbwa penye nguzo ya stima. Difu akaipunguzia ukali, maana ikifunga mno huyalazimisha magurudumu yote mawili yaende mwendo mmoja, ilhali kwenye kona la nje lina safari ndefu. Mwishowe akaongeza kidogo breki za nyuma ili mkia uzunguke. Nilikuja kusoma baadaye kwamba Erik Carlsson, Mswidi aliyeshika nafasi ya pili katika Safari Rally ya 1964 kwa Saab iliyovutwa na magurudumu ya mbele, alisifika kwa kugusa breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ungali juu ya mafuta. Nia ilikuwa ile ile.

Kisha akaingia Nordschleife, barabara ya Ujerumani yenye takriban kilomita 21. Mkia ukachapa ukuta. Akarudi kwenye tarakimu, akapunguza alama moja, saa ikaisha.

Mchana kaka alishika spana katika gereji moja ya Kariobangi. Baba alipopoteza kazi, karo ilitosha mtoto mmoja, na aliyetoka shuleni alikuwa yeye. Nilipoingia kidato cha kwanza mwaka 2013, ujira wake ulilisha nyumba na kunisomesha mimi. Sikuwahi kumwuliza kama kulikuwa na mjadala.

Mwaka jana, nikiandaa makala ya semina kuhusu uundaji wa istilahi, nilibuni neno “uelekeo-pungufu”. Nililiona zuri. Nikamwonyesha.

“Hii ni nini?”

“Gari kukataa kukata kona.”

“Si useme limegoma kona?”

Nilicheka, kisha nikakosa usingizi. Neno langu lilieleza kinachoonekana tu. Lake lina sababu ndani yake, kwani anayegoma ni mfanyakazi, naye hugoma akizidishiwa kazi.

Msimamizi wangu amelikubali “kugoma kona” katika tasnifu kwa sharti kwamba nitaje chanzo. Niliandika: fundi mmoja wa Kariobangi. Jumapili iliyopita kaka aliisoma tanbihi hiyo polepole, kidole kikifuata mstari, akaniuliza kwa nini maprofesa wote wana majina isipokuwa yule fundi.

Usiku huo nikaifungua faili, nikaandika jina lake, majina yote matatu.