Mpira Uliolala Sakafuni

Wengi wenu mwatufahamu kwa mambo ya mafundisho, wala hamkutazamia kutusikia tukieleza habari za mabomba. Lakini jambo hili lilitupata sisi wenyewe. Kosa letu lilisemwa mbele ya watu, basi twaona yafaa na masahihisho yake yasemwe mbele ya watu.

Mwaka 2021 nyumba ya wageni ya parokia yetu, hapa Lubumbashi, ililetewa zawadi kutoka Ubelgiji: mashini ya kuosha vyombo. Haikuwa mpya. Jamaa moja walikuwa wameitumia miaka mingi, kisha wakanunua nyingine, na hii wakaipakia pamoja na vitanda na vitabu. Ilikuwa nyeupe, kimo chake kama meza, na ndani yake mlikuwa na vikapu viwili vya waya. Kitabu chake kiliandikwa kwa Kifaransa na Kiflama. Padri alituuliza kama twamjua fundi. Tukamjibu kwamba kumwita fundi ni kupoteza fedha bure, maana kitabu kipo, na Kifaransa twakisoma. Mtu aliyekaa seminari miaka mingi hupatwa na ugonjwa huo: kila kitu kilichoandikwa hudhani amekwisha kukijua.

Jikoni alikuwapo mama mmoja aliyeosha vyombo katika nyumba ile miaka 11. Siku mashini ilipoingizwa aliitazama kama vile mtu anavyomtazama mgeni asiyesema atalala siku ngapi. Sisi tulicheka. Yeye hakucheka, na sababu alikuwa nayo: ana watoto wanne, na katika kikao cha nyumba mtu mmoja alikuwa amekwisha kuuliza kama yafaa kuendelea kumlipa mtu kwa kazi itakayofanywa na umeme.

Hapo tuseme neno kidogo juu ya asili ya mashini hizi. Bibi mmoja wa Marekani, Josephine Cochrane, wa mji wa Shelbyville katika jimbo la Illinois, alipewa hati ya uvumbuzi wake tarehe 28 Desemba 1886. Husimuliwa kwamba watumishi wake walikuwa wakimvunjia kingo za sahani zake nzuri za kaure, naye akachoka. Mashini yake ilirusha maji ya moto kwa nguvu juu ya vyombo vilivyopangwa katika vikapu vya waya, na hata leo kazi ni ile ile. Mwaka 1893 ilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Chicago. Mahoteli ndiyo yaliyoinunua kwanza. Majumbani ilikawia kuingia, maana nyumba nyingi hazikuwa na maji ya moto ya kutosha. Mwaona kwamba tangu mwanzo mashini hii na watu wa jikoni hawakuwa marafiki.

Sasa turudi kwetu. Kuingiza maji safi hakukutusumbua hata kidogo. Mpira wa kuingizia una nati ya plastiki, nayo hufungwa kwenye robine kwa mkono tu. Tulifungua robine, maji yakaingia, watu wakashangilia. Lakini maji yaliyoingia hayana budi kutoka, tena yatoka machafu. Chini ya mashini mna pampu ndogo, nayo huyasukuma maji machafu katika mpira wa pili, wa rangi ya kijivu, na mpira huo hupaswa kuungwa na bomba la beseni la kuoshea vyombo.

Mkichungulia chini ya beseni lenu mtaona bomba lile halishuki moja kwa moja. Hupinda kama shingo ya bata, ama huwa na kikombe chake: ndiyo sifoni. Maji kidogo hubaki daima katika pindo lile, nayo huizuia harufu ya mtaro isipande jikoni. Fundi wa saa mmoja, Alexander Cumming, mtu wa Uskoti aliyefanya kazi London, ndiye aliyepewa hati mwaka 1775 kwa choo chenye bomba lililopinda namna ile. Sifoni za siku hizi huweza kununuliwa zikiwa na kitawi ubavuni, juu ya maji yale yanayobaki, na kitawi hicho ndicho mahali pa mpira wa mashini.

Tulinunua sifoni ya namna hiyo sokoni, tukaifunga chini ya beseni, tukauvika mpira juu ya kitawi, tukaukaza kwa mkanda wa chuma. Mashini ikaosha vizuri. Ilipofika saa ya kutoa maji ikanguruma, ikanguruma tena, kisha mpira ukachomoka na maji ya moto yakatapakaa jikoni mote. Kumbe kitawi kipya huja kimezibwa kwa utando wa plastiki, na anayetaka kukitumia lazima aukate! Kitabu cha mashini hakikusema neno juu ya utando huo, maana aliyetengeneza mashini siye aliyetengeneza sifoni. Mama alileta matambara, akapangusa sakafu pamoja nasi, wala hakuna aliyemlaumu mwenzake. Tukaukata utando kwa kisu, tukavitoa vipande vyote, na siku ile maji yakatoka sawasawa.

Msiba wa pili ulikuja kimyakimya, na huo ndio uliotuaibisha.

Baada ya wiki moja bilauri zilianza kutoka na ukungu. Kisha sahani zikawa na harufu, si ya chakula, bali ya mtaro. Asubuhi tulipofungua mlango wa mashini tulikuta chini yake maji ya kijivu, marefu kama vidole viwili, na ndani yake punje za bukari na vipande vya sombe. Mgeni mmoja alirudisha kikombe chake bila kunywa. Tukakisoma kitabu. Kikasema: kwanguzeni mabaki kabla ya kupanga vyombo, na kichujio kisafishwe. Basi, tukasema, mwenye kosa amejulikana.

Katika kikao tulisimama tukasema kwamba mama hakwangui sahani. Tuliongeza tena neno moja, kwamba labda afanya hivyo kwa kusudi, ili mashini ichukiwe. Akakatwa mshahara wa siku tano. Alipoulizwa kama ana la kusema, alijibu tu, “Sawa, Mwalimu.”

Siku nne zilipita. Asubuhi ya Ijumaa akatuita jikoni, naye hakuwa na hasira.

“Mwalimu, jana usiku mashini iliosha nini?”

Tukamjibu kwamba iliosha vikombe vya chai, maana wageni walikuwa wawili tu na chakula walikula mjini.

“Basi njoo utazame.”

Akafungua mlango. Chini mlikuwa na sombe.

Kwa kweli hatukuwa na jibu. Yeye alikuwa nalo, kwa kuwa siku zile nne hakunyamaza bure, alichunguza. Sufuria kubwa ya sombe haiingii katika mashini. Yeye huiosha kwa mkono katika beseni, na usiku ule aliiosha baada ya wafanyakazi kula. Akaziba beseni, akalijaza maji, akatuambia tuweke sikio penye mlango wa mashini. Kisha akavuta kizibo. Tukasikia ndani ya mashini sauti kama ya mtu anayekunywa kwa kibuyu. Maji ya beseni yalikuwa yakishuka humo! Majuma yale mashini ilikuwa ikiosha vyombo vya wageni, kisha yapokea maji ya masufuria na kulala nayo usiku kucha.

Siku ile ile tulimwita fundi, mzee mmoja wa Katuba, ambaye tangu mwanzo tulikataa kumlipa. Alipiga magoti, akawasha taa yake, akaushika mpira wa kijivu. “Nani aliyeulaza huu sakafuni?” Tukasema ni sisi.

Akatueleza, nasi twawaeleza ninyi. Bomba lililo mbele ya sifoni lilikuwa limeota mafuta ya jikoni, njia ikawa nyembamba. Beseni lililojaa lilipofunguliwa kwa mara moja, maji hayakuweza kuondoka kwa haraka. Yakapanda katika sifoni, yakakikuta kitawi, na kutoka kitawi mpira ulishuka moja kwa moja hadi sakafuni na kuingia mashini. Maji yakishaona njia ya kushuka hayaulizi ni ya nani. Ni kweli kwamba ndani ya mashini mna kimlango cha mpira kinachofunguka upande mmoja tu ili maji yasirudi, lakini katika mashini iliyotumika miaka mingi kimlango hicho hukauka na kupinda, na chetu kilikuwa hivyo.

Dawa yake? Mzee aliupandisha mpira hadi chini kabisa ya ubao wa meza ya jikoni, karibu na ukingo wa beseni, akaufunga pale kwa waya na bisi moja, halafu akauacha ushuke mpaka penye kitawi. Pampu ina nguvu ya kuyapandisha maji hadi juu pale. Maji ya beseni hayana, isipokuwa beseni lenyewe limejaa karibu kumwagika. Kazi hiyo haikutimiza dakika 10. Kulisafisha bomba kulichukua alasiri nzima, na mafuta aliyoyatoa yalikuwa meupe, magumu kama mshumaa.

Alipokuwa akifanya kazi alitusimulia pia habari ya nyumba nyingine, ambako mpira ulisukumwa ndani sana katika bomba la kusimama, kisha wakaziba pembeni hata hewa isipite. Huko mambo yalikwenda kinyume: mtaro uliyavuta maji safi kabla vyombo havijaoshwa, na mashini ikawa yajaza tu, yajaza tu, bila mwisho. Ndiyo sababu bomba la namna hiyo huwa pana kuliko mpira, na nafasi ya hewa huachwa.

Alipokwisha kuondoka tulikifungua kitabu tena. Picha ilikuwamo. Mpira umechorwa ukipanda juu kwanza, kisha ukishuka. Tulikuwa tumeiona tangu siku ya kwanza, ila tulidhani mchoraji aliupindisha ili upate nafasi katika karatasi.

Katika kikao kilichofuata tulikiri, na mshahara wa siku tano ukarudishwa. Tulidhani mambo yamekwisha. Lakini mama alitungoja mlangoni.

“Mwalimu, siku ile ulisema ‘kwa kusudi’. Madirisha yalikuwa wazi. Vijana wa kwaya walikuwa nje wakingoja chumba. Binti yangu alikuwa kati yao.”

Hilo hatukulijua. Tulikwenda kwenye zoezi la kwaya Jumamosi, tukawaeleza vijana habari yote, pamoja na sifoni na utando na picha ya kitabu. Wavulana wawili walicheka sana. Binti yake alitazama chini muda wote, na alipoinua macho hakututazama sisi, alimtazama rafiki yake. Hatujui kama inatosha. Mama mwenyewe hakutuomba tuandike hapa, ila tulipomwambia kwamba twataka kuandika alisema, “Andika na habari ya bomba vizuri, watu wengine wasiharibu.”

Mashini bado ipo. Umeme ukikatika, na hukatika mara nyingi, mama huosha kwa mkono. Ukirudi, yeye ndiye huiwasha, na swali la kama yafaa kumlipa halijaulizwa tena kikaoni. Kila Jumamosi hufungua kimlango cha chini ya beseni, hutazama waya, kisha humwaga maji ya moto katika bomba. Juzi fundi kijana alikuja kubadilisha robine. Ule mpira ulimzuia mkono wake, akataka kuufungua aulaze chini kwa muda kidogo. Mama akaacha viazi alivyokuwa akimenya, akaja, akaushika kwa mkono wake mpaka kijana akamaliza kazi.