Jua la Mngeta halina simile, linda sura!

Mngeta, bonde la Kilombero, ni kijani mpaka basi. Huku reli ya TAZARA na milima ya Udzungwa, kule mashamba ya mpunga hadi macho yachoke. Jua sasa! Linachoma toka juu, na mng'ao mwingine unakurudia toka kwenye maji ya majaruba.

Akina mama wanaopalilia wanalijua vizuri: khanga kichwani, kofia pana juu yake. Wewe sista duu wa mjini unakuja kichwa wazi, ukirudi mashavu yana madoa meusi, unakimbilia mkorogo. Umekwisha! Krimu zenye haidrokwinoni au zebaki zimepigwa marufuku nchini. Zebaki inaharibu figo, na haidrokwinoni ikizoeleka miaka mingi huweza kuuacha uso na weusi wa kijivu-bluu usiofutika kirahisi.

Mimba na vidonge vya uzazi navyo huweza kuleta madoa, chunusi ukiibinya vilevile (vidole vikae mbali!). Ila jua ndilo linaloyakoleza. Vaa kofia, paka losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, rudia kila baada ya saa mbili. Weusi wako haukusamehi. Doa likikua au kubadilika rangi, usibahatishe dukani. Panda gari uende hospitali ya St. Francis, Ifakara.