Dereva wa Amana

Marehemu baba yetu, mzaliwa wa Mambrui aliyezikwa Bura, aliendesha malori tangu ujana wake mpaka macho yake yalipopungua nuru, na katika muda huo wote hakupata kumiliki hata lori moja. Walakini ilikuwa nadra, katika vijiji vya mradi wa umwagiliaji wa Bura, kuikuta nyumba ambayo mali yake, kubwa au ndogo, haikupata kupita mikononi mwake.

Alifika Bura mwishoni mwa miaka ya 1970 akiwa na shehena ya saruji, wakati serikali, kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ilipoazimia kuyapandisha maji ya Mto Tana kwa mitambo ya dizeli kule Nanigi, kuyapitisha katika mfereji mkubwa, na kulima pamba mahali palipokuwa malisho ya ngamia na ng'ombe. Wakulima waliletwa kutoka pembe zote za Kenya, wakapewa mashamba katika vijiji vilivyoitwa kwa nambari, na baba, aliyedhani kwamba atashusha saruji yake na kurudi pwani, akamwoa mama yetu, Mpokomo wa Hola, akafanya maskani.

Njia ya kwenda Garissa siku hizo ilikuwa ya udongo mweusi, vumbi tupu wakati wa ukame na utelezi mtupu wakati wa masika, na ilikatwa mara kwa mara na laga, ile mito ya msimu ambayo asubuhi huwa mchanga mkavu na jioni huwa mauti. Baba alipoifikia laga yenye maji alizima injini, akavua kubadhi, akakunja kikoi mpaka mapajani, akaingia majini mwenyewe na fimbo yake, akidunga chini kila hatua, ilhali utingo amesimama ukingoni na wala hakuruhusiwa kumfuata. Na maji yakimpita magoti alirudi, akatandika mkeka chini ya lori, akangoja hata kama ni siku mbili. Wenziwe walimcheka kwa woga huo, naye hakuwajibu.

Fauka ya hayo palikuwa na daraja la Garissa, ambapo abiria walishushwa na vipande vyao kukaguliwa, kwa kuwa sheria za dharura zilizowekwa wakati wa vita vya Shifta hazikufutwa mpaka mwaka 1991. Hapo Msomali aliyezaliwa papo hapo ukingoni mwa Tana aliulizwa kwao ni wapi, na mara nyingi neno la dereva aliyefahamika na askari ndilo lililomwokoa na usiku wa korokoroni. Baba alilitumia neno lake kwa uangalifu, akisema kwamba likitumika mara moja kwa uongo halitamfaa mtu wa pili.

Walakini kazi yake kubwa haikuwa ile aliyolipwa ujira. Usiku wa kuamkia safari baraza yetu ilijaa watu, naye aliketi karibu na kandili na daftari lake, akiandika kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuoni alipokuwa mtoto, kila haja na mwenyewe: dawa ya pumu ya bibi mmoja wa kijiji cha pili, doti ya leso kwa biarusi, lakini isiwe nyekundu, karo ya kijana aliye bweni Garissa, barua isiyo na stempu kwa mtu aketiye Majengo. Fedha zililetwa zimefungwa katika vipande vya nguo, naye hakuzichanganya hata siku moja, bali kila fundo alilitia kama lilivyo katika kopo la majani ya chai, na kopo akaliweka chini ya kiti chake. Aliporudi hakula mpaka kila mmoja amekwisha kuhesabiwa chenji yake, senti kwa senti, na mama, aliyekuwa amekipasha moto chakula mara ya tatu, alinung'unika kwamba watoto wa mtu huyu nao wangeliandikwa daftarini ili wapate zamu yao.

Na kweli tulimpata baba kama mgeni mheshimiwa apatikanavyo. Herufi za Kizungu zilimpa taabu, lakini kila aliporejea alituketisha mkekani tumsomee madaftari yetu ya shule kwa sauti, na aliyebabaika alimwambia aanze tena, si kwa ukali, ila kwa ile subira yake ya lagani.

Shehena zake zilibadilika kama nchi ilivyobadilika. Kwanza saruji, kisha marobota ya pamba. Halafu mitambo ikachakaa, mashamba yakakosa maji, na miaka ya 1990 ilikuta sehemu kubwa ya ardhi ile imerudi kuwa pori, tena pori la mathenge, mti ulioletwa katika miaka ya 1980 ili watu wa mradi wapate kuni, nao ukageuka adui wa malisho na wa matairi, maana mwiba wake hupenya mpira kama msumari. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, na wakimbizi wakamiminika Dadaab, baba akawa mchukuzi wa unga na mafuta ya kupikia kutoka Mombasa mpaka kambi za huko za Ifo na Hagadera, akisafiri katika misafara ya kulindwa na askari kwa kuhofia majambazi; na mvua za El Niño zilipoikata barabara mwishoni mwa 1997, hata mwendo wake wa subira haukufaa kitu, chakula kikaletwa kwa ndege.

Baadaye ikaja lami, na mabasi, na simu za mkononi, na tangu mwaka 2007 fedha za karo zikawa hupelekwa kwa M-Pesa kabla dereva hajawasha injini. Baraza ikapungua watu, kisha ikakosa watu. Mimi, niliyekuwa mtu mzima sasa, nilimwambia kwamba nayasikitikia mambo yale, naye akanitazama kwa mshangao, akasema kwamba aliwahi kumchukua mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa kutoka Bura, wakakwama, wakafika hospitali Garissa na maiti mbili. Na mtu aliyeona hayo hawezi kuisikitikia njia ya matope.

Tulipomzika, mzee mmoja aliuliza, kama ilivyo ada, ni nani amdaiye marehemu, na hakuna aliyejitokeza. Ndugu yangu mdogo naye ni dereva katika barabara ile ile, na shehena yake hufika salama kwa stakabadhi na muhuri, ingawa aghalabu wenye mali hawalijui jina lake. Baba hakuona ubaya katika hilo. Alichomuusia ni kwamba stakabadhi humlinda mwenye mali dhidi ya dereva mwizi, lakini haimfundishi dereva kuingia lagani kwa miguu yake kabla ya kumwingiza utingo wake. Na hilo, alisema, lami haijaliondolea haja.