Makumbusho ya Mumbai na Pembe Zisizo na Kwao

Neno "makumbusho" limebeba kitenzi ndani yake. Nyumba iitwayo hivyo imekwisha kupewa kazi kabla mlango wake haujafunguliwa, na mgeni ana haki ya kuuliza kama kazi hiyo imefanywa: ni nani anayekumbushwa, na anakumbushwa nini? Lugha za Bara Hindi zilishika njia nyingine. Katika Kihindi na Kiurdu cha mazungumzo nyumba hiyo ni ajaib ghar, yaani nyumba ya maajabu. Katika Kimarathi rasmi ni sangrahalaya, makao ya mkusanyo. Msomaji wa Unguja hatakosa kuisikia Beit al-Ajaib katika jina lile la kwanza. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Seyyid Barghash bin Said, ambaye kabla ya kutawala alipata kuishi Bombay uhamishoni, baada ya kushindwa kumpindua nduguye Seyyid Majid mwaka 1859.

Wazungumzaji wengi wa Kiswahili wafikao Mumbai leo hawaendi kutazama maajabu. Huenda na mgonjwa. Baina ya siku ya kipimo na siku ya majibu hubaki saa ndefu zisizo na kazi, na aliyemsindikiza mama au mjomba wake hujikuta barabarani, akitafuta mahali penye kivuli na utulivu. Kwa namna hiyo makumbusho ya jiji hilo hupata wageni ambao hakuna aliyewatarajia, na ambao huenda wakaona yale ambayo mtalii huyapita.

Mtaani Byculla, ndani ya bustani moja na mbuga ya wanyama, lipo Jumba la Makumbusho la Dkt. Bhau Daji Lad. Lilifunguliwa mwaka 1872 likiwa na majina ya Malkia Victoria na mumewe Albert. Mwaka 1975 likapewa jina la tabibu na mwanachuoni Mhindi aliyekuwa miongoni mwa waliopigania lijengwe. Ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 2008 uliirudishia nakshi yake ya dhahabu na rangi zake za karne ya 19. Ndani mna vinyago vidogo vya udongo vinavyoonyesha watu wa jamii na kazi mbalimbali, mifano ya vyombo vya baharini, na kazi za mafundi wa fedha, shaba na pembe. Nje amesimama tembo wa jiwe aliyetolewa kisiwa cha Gharapuri, yule yule aliyewafanya Wareno wakiite kisiwa hicho Elephanta.

Karibu na tembo huyo zimewekwa sanamu za watawala wa Kiingereza zilizoondolewa katika njia kuu za jiji baada ya uhuru. Mfalme Edward wa Saba, juu ya farasi wake mweusi, alihamishiwa huko mwaka 1965. Lakini mtaa alikokuwa amesimama unaitwa Kala Ghoda, "Farasi Mweusi", hadi leo. Sanamu hizo hazikusagwa wala hazikuachwa zitawale njia panda. Jiji limezipa mahali ambapo mtoto anaweza kuuliza hawa ni akina nani, akajibiwa.

Hapo Kala Ghoda ndipo lilipo jumba kubwa zaidi, Chhatrapati Shivaji Maharaj Vastu Sangrahalaya. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1905, likatumika kama hospitali ya kijeshi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na likafunguliwa kwa umma mwaka 1922 kwa jina la Mwanamfalme wa Wales. Nalo limebadilishwa jina. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba Mumbai ni jiji lisilojua kuisahihisha kumbukumbu yake.

Ndiyo maana ukimya wa pembe za ndovu unashangaza. Katika karne ya 19 pembe zilizovutwa kutoka nchi za Maziwa Makuu zilipita Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, zikavushwa Unguja, na sehemu kubwa ikapakiwa kwenda Bombay. Nyingine zilisafirishwa tena hadi London. Nyingine zilibaki India zikawa bangili za maharusi, masanduku na vinyago. Mafundi waliipenda pembe ya Afrika kwa kuwa ni laini kuchonga. Waliozibeba hadi pwani walikuwa wapagazi wa ujira, hasa Wanyamwezi, na pia watumwa. Lakini desturi ya kibao cha makumbusho, huko kama kwingineko duniani, ni kutaja mahali kitu kilipochongwa na karne yake. Mnyama, njia na bega lililobeba havimo. Msindikizaji wa mgonjwa atokaye Tabora anaweza kusimama mbele ya kabati la kioo lenye kitu kilichotoka kwao, asiambiwe.

Tena si pembe tu zilizovuka. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utotoni na kufikishwa India ya magharibi, alirudi Afrika akiwa na jina la jiji hilo, akawaongoza Burton, Speke na Stanley. Chuma na Susi, waliosafiri na mwili wa Livingstone hadi pwani baada ya kifo chake mwaka 1873, walikuwa wamekaa Bombay kabla ya safari hiyo: mmoja shuleni, mwingine akifanya kazi bandarini. Waafrika walioachwa huru na kulelewa Nashik, si mbali na Bombay, walikuwa miongoni mwa wakazi wa kwanza wa Frere Town, Mombasa, kuanzia mwaka 1875.

Deni hili, hata hivyo, lina pande mbili. Sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Siku itakapofungua tena milango yake kama makumbusho, nayo itaandika vibao. Milango ya nakshi ya Mji Mkongwe ina mkono wa mafundi wa Kihindi. Forodha ya Unguja ilikodishwa kwa miaka mingi kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji wa Kutch. Na utajiri uliojenga majumba ya kifalme ulitoka pia katika pembe na katika migongo ya watu. Mgeni kutoka Mumbai atakayeingia humo atastahili kuyasoma hayo yote, na mjukuu wa mpagazi vilevile. Mstari mmoja katika kila kibao ungetosha kuanzia: kilitoka wapi, na nani alikileta.